Sheikh Ramiya: Kutoka utumwani hadi kuongoza zikiri

Wengi wetu huku kandokando ya Ziwa tumewahi kusikia zikiri usiku: watu wakilitaja jina la Allah kwa sauti na pumzi moja. Leo tunamkumbuka Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kama Sheikh Ramiya. Alizaliwa Manyema, Kongo, akachukuliwa utumwani angali mtoto, akafikishwa Bagamoyo. Huko alisoma dini, akafungua madrasa, kisha akawa kiongozi wa tarika ya Kadiria. Anayelirudia Jina hilo anakiri kuwa Bwana ni Mmoja tu. Ndiyo maana waungwana walikubali kuongozwa na aliyekuwa mtumwa. Alifariki mwaka 1931, na Bagamoyo haijamsahau.