Siti binti Saad: Muuza vyungu aliyewasemea wasio na msemaji

KILA siku ya soko hapa Giteranyi, nikiwaona akina mama wamepanga vyungu chini wakingoja wanunuzi, humkumbuka mwanamke mmoja ambaye sikuwahi kumwona. Alifariki dunia kabla sijazaliwa, tena mbali na hapa, kisiwani Unguja. Huyo ni hayati Siti binti Saad.

Nilimfahamu katika kambi ya Lukole, wilayani Ngara, Tanzania, nilipokuwa kijana mkimbizi. Mzee mmoja jirani yetu alikuwa na redio. Taarabu ya zamani ilipopigwa, alitukusanya na kutusimulia habari za mwimbaji huyo. Wakati ule niliona ni hadithi za kupitisha jioni. Nimerudi nyumbani, nimeanza kuvuka mpaka wa Kobero na mizigo yangu, ndipo nikaelewa kuwa habari zile zinatuhusu sisi.

Siti alizaliwa mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba. Baba yake alikuwa na asili ya Unyamwezi, yaani huku bara, na mama yake asili ya Uzaramo. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Ndiyo, ndugu msomaji, hilo ndilo jina aliloitwa kila asubuhi, katika nchi ambayo utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897 tu.

Hakusoma shule. Kazi ya kwao ilikuwa ufinyanzi, naye alibeba vyungu kichwani akitembeza na kuvinadi. Inasimuliwa kwamba sauti yake ilisikika kutoka mbali, na watu walimtambua kabla hajafika. Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na mwanamuziki Ali Muhsin, ambaye alimfundisha kuimba na muziki na kumtia katika kundi la wapiga taarabu. Baadaye ndipo akapata jina la Siti, maana yake bibi mwenye heshima.

Zamani hizo taarabu ilikuwa ya kasri la Sultani, ikiimbwa kwa Kiarabu, lugha ambayo wengi mitaani hawakuielewa. Siti aliiimba kwa Kiswahili. Aliimba mbele ya Sultani na matajiri, lakini makazi yake yalikuwa Ng'ambo, mtaa wa wachukuzi, vibarua, mafundi na watu waliotoka utumwani. Jioni wanamuziki wake na majirani walikusanyika, wakazungumza yaliyotokea mchana: nani kadhulumiwa, nani kapandishiwa kodi, kesi gani imeamuliwa vibaya. Mazungumzo hayo yaligeuka nyimbo, kwa mafumbo, na kesho yake mji mzima ulizijua.

Mfano mmoja unanigusa kuliko yote. Mwanamke kutoka bara alivuka bahari kwenda Unguja kutembea, akauawa huko na mwanamume aliyeitwa Kijiti. Muuaji alitoroka, akavuka kwenda bara. Waliotiwa hatiani ni wanawake wawili waliofuatana na marehemu, kwa sababu ya pombe iliyonunuliwa siku ile. Siti aliimba habari hiyo, na wimbo ukajulikana kwa jina la huyo Kijiti. Mahakama ilikuwa imemaliza kazi yake, lakini wimbo ulilikumbusha jina la muuaji kila ulipopigwa.

Sisi tunaovuka mipaka tunajua maana ya jambo hili. Mgeni akipatwa na baya ugenini, nani atamsemea? Yule mama wa bara hakuwa na ndugu karibu. Aliyemsemea ni mwimbaji ambaye hakuwa na undugu naye.

Mwaka 1928 Siti na wenzake walipelekwa Bombay, India, kurekodi santuri za His Master's Voice. Santuri hizo ziliuzwa kwa maelfu na kusikika pwani hadi bara. Anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodi nyimbo zake kwa namna hiyo. Wapo waliomwonea wivu. Walimsimanga kwa sura yake na kwa kutoka shamba na udongo mikononi. Aliwajibu kwa wimbo, akionyesha kwamba akili na tabia ndizo zinazompa mtu thamani.

Muda mfupi kabla ya kifo chake alizungumza na Shaaban Robert, ambaye aliandika kitabu cha maisha yake. Siti alifariki Julai 8, 1950. Chama cha wanahabari wanawake Tanzania kilipoanzisha jarida la kutetea haki za wanawake, kiliita Sauti ya Siti.

Nami nakiri jambo moja. Niliporudi hapa kutoka Lukole, kwa miaka mingi nilificha kwamba nililelewa kambini. Niliposikia watu wakiwaita wenzetu kwa majina ya kudharau, nilinyamaza. Waliozikwa kambini tuliwaacha kule, nasi hatuwataji. Mashamba tuliyokuta yana watu wengine tumeyazungumza kwa hasira mbele ya viongozi, lakini hatukuwahi kukaa pamoja jioni, sisi tuliorudi na wao waliobaki, tukaeleza kila upande uliona nini.

Siti hakungoja mtu mwenye elimu aje kuandika habari za mtaa wake. Alianza na majirani, sauti na lugha waliyoielewa wote. Inanga tunazo, ngoma tunazo, na Kiswahili tumerudi nacho kutoka ukimbizini.

Soko lililopita nilinunua chungu kwa mama mmoja Mtwa. Nimenunua kwake miaka mingi, na siku hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimwuliza jina lake. Aliniambia, kisha akanisogezea kigoda. Nilikaa kumsikiliza hadi soko likafungwa.