Jokichi Takamine: Aliyeweka pumba za ngano mahali pa kimea cha wiski

PUMBA za ngano ni mabaki. Mwenye mashine ya kusaga huzikusanya kwenye magunia na kuziuza kwa wafugaji kwa bei ya chini, akifurahi tu kwamba zimeondoka. Lakini mwaka 1890 mkemia mmoja kutoka Japani alihamia Marekani na familia yake akiwa na wazo kwamba pumba hizo zinaweza kuchukua nafasi ya kimea cha shayiri, malighafi iliyotegemewa na viwanda vyote vikubwa vya wiski.

Mkemia huyo ni Jokichi Takamine. Wiski yake haikudumu sokoni. Hata hivyo, maarifa yale yale yaliyokwama kwenye wiski ndiyo yaliyomfanya tajiri katika soko jingine kabisa. Kwa mkulima au mfanyabiashara mdogo anayefikiria kuongeza thamani ya mazao yake, maisha ya mtu huyu yana mengi ya kuangaliwa.

Mtoto wa daktari na ukoo wa sake

Takamine alizaliwa Novemba 3, 1854 katika mji wa Takaoka, Japani. Huo ndio mwaka ambao nchi yake ilitia saini mkataba wa kufungua baadhi ya bandari zake kwa meli za Marekani. Baba yake alikuwa daktari aliyeijua pia elimu ya Kizungu, na mama yake alitoka katika ukoo wa watengenezaji wa sake, pombe ya mchele ya Wajapani.

Akiwa bado mtoto alipelekwa Nagasaki kujifunza Kiingereza. Baadaye alisomea kemia katika chuo cha uhandisi cha serikali mjini Tokyo, akahitimu mwaka 1879. Serikali ikampeleka Glasgow, Scotland, ambako aliendelea na masomo kuanzia mwaka 1880 hadi 1883. Aliporejea aliajiriwa katika wizara iliyoshughulikia kilimo na biashara.

Mbolea kabla ya wiski

Mwaka 1884 wizara ilimtuma New Orleans, Marekani, kwenye maonyesho makubwa ya kimataifa ya pamba. Huko alipata mambo mawili. La kwanza ni mchumba, Caroline Hitch, ambaye alimwoa mwaka 1887. La pili ni mawe ya fosfeti, ya aina inayofanana na yanayochimbwa Minjingu mkoani Manyara, ambayo Wamarekani walikuwa wakiyatia asidi na kutengeneza mbolea.

Wakati huo wakulima wa Japani walitegemea samadi, kinyesi cha binadamu na samaki waliokaushwa. Takamine aliona kwamba mashamba ya mpunga yaliyolimwa kwa karne nyingi yangefaidika na fosfeti. Mwaka 1887, akishirikiana na wafanyabiashara wakubwa Eiichi Shibusawa na Takashi Masuda, alianzisha mjini Tokyo kampuni ya kutengeneza mbolea ya fosfeti, ya kwanza ya aina yake nchini humo.

Katika miaka hiyo pia alifanya kazi katika ofisi mpya ya serikali iliyosajili hataza, yaani haki ya kisheria inayompa mvumbuzi umiliki wa uvumbuzi wake kwa muda maalumu. Kazi hiyo ilimfundisha jambo ambalo wavumbuzi wengi hulijua wakiwa wamekwisha kuchelewa: andikisha kwanza, ndipo utangaze.

Kimea hufanya nini?

Nafaka ina wanga, na hamira haiwezi kuugeuza wanga kuwa pombe moja kwa moja. Lazima wanga uvunjwe kwanza uwe sukari. Ndiyo maana shayiri hulowekwa ikaota, kisha hukaushwa. Mbegu inapoota hutengeneza vimeng'enya vinavyovunja wanga, na hiyo ndiyo kazi ya kimea. Wapishi wa busaa magharibi mwa Kenya huongeza kimea cha wimbi kwenye unga wa mahindi uliokaangwa kwa sababu hiyo hiyo.

Wajapani walikuwa na njia nyingine. Katika kutengeneza sake hawaoteshi nafaka. Hupika mchele kwa mvuke na kuunyunyizia mbegu za ukungu maalumu, na mchele uliofunikwa na ukungu huo huitwa koji. Ukungu unapokua hutoa vimeng'enya vingi vya kuvunja wanga.

Takamine, mjukuu wa watengenezaji wa sake, alijiuliza kama ukungu huo ungeweza kufanya kazi kwenye mahindi ya Wamarekani. Mchele ulikuwa ghali mno kwa biashara hiyo, kwa hiyo aliupanda ukungu wake kwenye pumba za ngano zilizopikwa kwa mvuke. Pumba zilikuwa rahisi na zilipatikana kwa wingi. Tena hazishikamani sana, hivyo hewa hupenya na ukungu hukua vizuri.

Faida aliyoitarajia ilikuwa kubwa. Kuandaa kimea cha shayiri huchukua wiki moja au zaidi, wakati ukungu hukomaa kwenye pumba kwa muda wa siku mbili hivi. Aidha, kiwanda kingeacha kununua shayiri nzima ili kuotesha, na badala yake kingenunua kitu ambacho wasagaji walikihesabu kuwa mabaki.

Mnunuzi mmoja

Habari za njia hiyo zilimfikia mnunuzi mkubwa kuliko wote. Mwaka 1887 wenye viwanda vya pombe kali nchini Marekani walikuwa wameungana ili kudhibiti uzalishaji na bei. Muungano huo, maarufu kama Muungano wa Wiski, ulivinunua viwanda vingi na kuvifunga. Makao yake yalikuwa Peoria, mji ulio kando ya Mto Illinois katikati ya mashamba ya mahindi. Jina rasmi la kampuni hiyo lilitaja pia unenepeshaji wa ng'ombe, kwani machicha ya mahindi yalilishwa mifugo.

Mwaka 1890 Muungano ulimwita Takamine. Uamuzi wake wa kuondoka haukumfurahisha Shibusawa, kwa kuwa kampuni ya mbolea ilikuwa bado changa. Hata hivyo alivuka bahari na mkewe na watoto wao wawili wa kiume, akaanza majaribio Chicago na kisha Peoria.

Hapo ndipo alipokutana na upinzani. Wenye viwanda vya kimea waliona wazi kwamba pumba zikifaulu, biashara yao itakufa. Walikuwa wamewekeza fedha nyingi katika majengo ya kuoteshea shayiri, na vibarua wengi waliishi kwa kazi hiyo. Chuki dhidi ya mgeni huyo na ukungu wake ikaenea mjini.

Oktoba 1891, jengo lake la kazi huko Peoria liliteketea kwa moto. Wengi walishuku kwamba lilichomwa kwa makusudi, lakini haikupata kuthibitishwa. Wakati uo huo Takamine aliugua ini vibaya kiasi kwamba maisha yake yalikuwa hatarini, na mkewe Caroline ndiye aliyeishikilia familia katika kipindi hicho kigumu.

Alipona, akarudi kazini. Jengo likajengwa upya, na mwishoni mwa mwaka 1894 kiwanda kimoja cha Peoria kilianza kutengeneza wiski kwa njia ya pumba. Furaha ilikuwa ya muda mfupi. Mapema mwaka 1895 Muungano wenyewe ulianguka kutokana na madeni, ugomvi wa wenye hisa na kesi mahakamani. Bila mnunuzi huyo, wiski ya pumba haikuwa na mtu wa kuisimamia, na viwanda vikarudi kwenye kimea.

Ukungu ule ule, soko jingine

Kama Takamine angekuwa mwajiriwa tu wa Muungano, habari zake zingeishia hapo. Lakini uvumbuzi aliuandikisha kwa jina lake mwenyewe. Mwaka 1894 alipata hataza za Marekani, mojawapo ikihusu namna ya kutoa kimeng'enya kutoka kwenye ukungu uliooteshwa juu ya pumba. Inatajwa kuwa hataza ya kwanza nchini humo kwa kimeng'enya kilichotokana na kijidudu.

Akajiuliza ni nani mwingine anayehitaji kuvunja wanga. Jibu lilikuwa karibu: tumbo la binadamu. Aliziloweka pumba zenye ukungu katika maji, akakitoa kimeng'enya na kukikausha kuwa unga. Unga huo aliuita Taka-Diastase, jina lililobeba sehemu ya jina lake. Kampuni ya dawa ya Parke-Davis ya Detroit ikaanza kuuza dawa hiyo kwa watu wenye matatizo ya kusaga chakula.

Mkataba alioufanya una jambo la kuzingatiwa. Haki ya kuuza katika nchi nyingine aliitoa kwa Parke-Davis, lakini soko la Japani alilibakiza mkononi mwake. Mwaka 1899 wafanyabiashara wa Kijapani walianzisha duka lililoitwa Sankyo ili kuiingiza dawa hiyo nchini mwao. Duka hilo lilikua, na lilipogeuka kampuni kubwa mwaka 1913, Takamine alikuwa rais wake wa kwanza. Mwaka 2005 Sankyo iliungana na Daiichi, na hadi leo Daiichi Sankyo ni miongoni mwa kampuni kubwa za dawa za Japani.

Mwaka 1900, katika maabara yake ndogo New York, yeye na msaidizi wake Keizo Uenaka walifanikiwa kupata adrenalini ikiwa safi. Malighafi kwa mara nyingine ilikuwa mabaki: tezi za mifugo iliyochinjwa. Adrenalini ilisaidia kuzuia damu wakati wa upasuaji, na hadi leo huokoa wagonjwa ambao moyo umesimama au waliopatwa na mzio mkali. Hataza ilitolewa mwaka 1903 kwa jina la Takamine peke yake. Mchango wa Uenaka, aliyefanya kazi kubwa kwenye meza ya maabara, ulikuja kutambuliwa vizuri baadaye sana. Hilo ni doa katika sifa zake.

Fedha alizopata hakuzifungia. Mwaka 1910 Tokyo iliipelekea Washington miti 2,000 ya micheri kama zawadi, lakini wakaguzi wa kilimo waliikuta na wadudu na magonjwa, ikachomwa moto. Mwaka 1912 ilipelekwa miche mingine 3,020 iliyotunzwa kwa uangalifu zaidi, na gharama zilibebwa na Takamine. Mwaka 1913 aliwahimiza viongozi wa Japani waanzishe taasisi ya taifa ya utafiti, na mwaka 1917 ikazaliwa RIKEN, ambayo ingali hai. Takamine alifariki New York Julai 22, 1922 akiwa na umri wa miaka 67.

Tahadhari kwa msomaji

Asidhani mtu kwamba gunia la pumba lililoota ukungu ghalani ni mali. Ukungu wa koji umechaguliwa na kutunzwa na Wajapani kwa karne nyingi na hautoi sumu. Ndugu yake wa karibu, anayeota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu, ndiye anayeleta sumukuvu. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua zaidi ya watu 100 mashariki mwa Kenya. Kwa macho si rahisi kuwatofautisha. Nafaka iliyoota ukungu isiliwe, isilishwe mifugo, wala isitiwe kwenye pombe. Na kutengeneza pombe kali nyumbani bila leseni ni kosa la jinai, mbali na hatari ya moto na ya kuuza kinywaji chenye sumu.

Takamine alikuwa sahihi

Kilichomwangusha Peoria hakikuwa ukungu wala pumba. Kemia yake ilifanya kazi. Tatizo lilikuwa kwamba alimtegemea mnunuzi mmoja, aliyekuwa na matatizo yake mwenyewe, katika biashara ambayo wengine walikuwa tayari kupigania nafasi yao. Kilichomwokoa ni kwamba alikuwa na hataza mkononi, na alijua kuwa alichovumbua ni njia ya kuvunja wanga ambayo wiski ilikuwa mteja wake mmoja tu.

Leo viwanda vinavyogeuza mahindi kuwa ethanoli ya magari, vikiwamo vile vya Illinois, havioteshi shayiri. Hutumia vimeng'enya vinavyozalishwa na kuvu na bakteria, wazo lile lile lililochukiwa Peoria zaidi ya miaka 130 iliyopita. Na katika miaka ya karibuni, kiwanda kimoja cha Fukuoka, Japani, kimeanza kuuza nchini Marekani wiski ya shayiri iliyotengenezwa kwa koji. Chupa zake zimeandikwa jina la Takamine.