Mwalimu Nyerere na Kisomo cha Watu Wazima

Hapa Burundi tarehe 13 Oktoba humkumbuka Louis Rwagasore, aliyeuawa Bujumbura mwaka 1961. Tarehe 14 ni siku aliyofariki Mwalimu Julius Nyerere, mwaka 1999, akiwa bado msuluhishi wa mazungumzo ya amani ya Burundi kule Arusha. Wengi humjua kama rais. Sisi walimu twamkumbuka kama mwenzetu.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, akaanza shule na miaka 12. Alisomea ualimu Makerere, akafundisha Tabora, akaenda Edinburgh, kisha Pugu. Mwaka 1955 aliacha ualimu na mshahara wake ili aongoze TANU.

Baada ya uhuru aliona kwamba kungoja watoto wakue ndipo nchi iendelee ni kuchelewa. Mwenye jembe mkononi ni mzazi, basi mzazi asome. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kilichonipendeza zaidi ni vitabu vyenyewe, maana havikuwa vya kitoto. Kule Kanda ya Ziwa mkulima alijifunza herufi kwa kitabu cha pamba, mvuvi kwa kitabu cha uvuvi, mwenye migomba kwa kitabu cha migomba. Anayejua kusoma mizani na stakabadhi yake hapunjwi kirahisi. Ni kama sisi na kadi zetu za chakula. Mwaka 1973 ikafuata kampeni ya redio, Mtu ni Afya, na vikundi vya kusoma vikachimba vyoo.

Mwaka 1967 kama theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma. Kwa hesabu za serikali, mwaka 1986 walibaki chini ya asilimia 10. Je, umaskini uliisha? Haukuisha. Vita ya Kagera, bei ya mafuta na makosa ya serikali yenyewe yaliiumiza nchi. Kisomo bila soko na bila mbolea hakijazi ghala, hilo tulikubali.

Mwaka 1983 Mwalimu alipewa Medali ya Nansen kwa kuwapokea wakimbizi. Wengi wao walitoka Burundi hii hii mwaka 1972. Katumba, Ulyankulu na Mishamo walipata mashamba, na watoto wao wakapata shule.