Mganga James Reynolds

James Henry Reynolds alizaliwa tarehe 3 Februari 1844 katika nchi ya Ireland, karibu na mji wa Dublin. Ireland ni kisiwa cha Ulaya, na wakati ule kilikuwa chini ya utawala wa Waingereza. James alisoma kwanza katika shule ya mapadri, kisha akajifunza uganga katika chuo kikuu cha Dublin. Mwaka 1868 akaingia katika jeshi la Waingereza, awe mganga wa askari.

Akapelekwa Bara Hindi. Huko ugonjwa wa kipindupindu ukaingia katika kikosi chake. Kipindupindu huua upesi, na watu wengi humkimbia mgonjwa. Reynolds hakukimbia. Aliwatunza askari wake, hata mkuu wa jeshi akamsifu.

Baadaye akapelekwa Afrika ya Kusini. Siku zile Waingereza walitawala Natal, wakataka kuishika na nchi ya Wazulu. Mfalme wa Wazulu, Cetshwayo, hakutaka vita. Lakini tarehe 11 Januari 1879 jeshi la Waingereza likavuka mto Buffalo, likaingia katika nchi yake.

Reynolds aliachwa mahali pa kivuko, panapoitwa Rorke's Drift. Palikuwa na nyumba mbili za misioni ya Waswedi. Moja ilifanywa hospitali, na ndani yake walilala wagonjwa zaidi ya 30. Ya pili ilikuwa ghala ya vyakula na risasi.

Tarehe 22 Januari Wazulu walilishinda jeshi la Waingereza huko Isandlwana. Ng'ambo ya mto milio ya mizinga ilisikika. Reynolds akapanda mlimani kutazama. Akaona watu wengi wanakuja, akadhani ni askari wa upande wake. Kumbe, ni Wazulu! Akashuka mbio kwa wagonjwa wake.

Askari kama 150 wakajenga boma upesi kwa magunia ya mahindi na masanduku ya biskuti. Jioni Wazulu zaidi ya 3000 wakawashambulia. Mfalme wao alikuwa amewakataza kuvuka mto, lakini walivuka. Walipigana kwa ushujaa mkubwa, wakirudi mara kwa mara mbele ya bunduki, wengi wao wakiwa na mikuki tu.

Kazi ya Reynolds ilikuwa kuwatunza watu waliojeruhiwa. Aliinama juu yao, akafunga vidonda huku risasi zikipita. Mbwa wake mdogo, jina lake Dick, hakuondoka karibu naye. Halafu watu waliokuwa wakiilinda hospitali wakaanza kuishiwa na risasi. Hakuna aliyemwamuru Reynolds kwenda. Yeye mwenyewe alichukua risasi ghalani, akapita uwanjani akipigwa bunduki pande mbili, akazifikisha. Kisha akarudi kwa njia ile ile.

Usiku ule paa la hospitali likawaka moto. Askari wakatoboa kuta na kuwavuta wagonjwa nje, mmoja mmoja. Wachache walikufa humo, lakini wengi wakaokoka. Reynolds akaendelea na kazi yake usiku kucha.

Kulipopambazuka Wazulu walikuwa wamekwenda. Katika boma walikufa watu 17. Wazulu waliokufa walikuwa zaidi ya 350. Wazulu wengi waliojeruhiwa waliuawa na askari, wala hawakutibiwa. Jambo hilo ni baya, na ushujaa wa usiku ule hauwezi kulifuta.

Malkia wa Uingereza aliwapa watu 11 nishani iitwayo Msalaba wa Victoria. Reynolds alikuwa mmoja wao. Mwaka ule ule Cetshwayo alikamatwa, akahamishwa mbali na nchi yake.

Reynolds aliacha jeshi mwaka 1896. Alikufa London tarehe 4 Machi 1932, mwenye miaka 88, akazikwa katika makaburi ya Wakatoliki.

Vita vile havikuwa vya haki. Lakini mtu anayejitia hatarini ili mgonjwa aokoke, huyo ni shujaa kweli.

Maulizo
1. Reynolds alifanya nini kipindupindu kilipoingia?
2. Kwa nini alipita uwanjani katikati ya risasi?
3. Wazulu walionyeshaje ushujaa wao?
4. Ni jambo gani baya lililofanyika asubuhi?