D.O. Misiani: Mwana wa Waimbaji Aliyekatazwa Gitaa

Miongoni mwa wasanii waliotia fora katika ukanda wa Ziwa Viktoria, ni wachache ambao majina yao yamedumu kama la Daniel Owino Misiani. Wapenzi wa benga, kuanzia Kondele na Migosi mjini Kisumu hadi Musoma, humtaja kwa herufi mbili tu: D.O. Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili, kwa upande wao, humtaja kwa nadra, na sababu si ngumu kuigundua. Sehemu kubwa ya nyimbo zake aliziimba kwa Dholuo. Hata hivyo, sababu hiyo haitoshi, hasa kwa wasomi ambao kila mwaka hufundishwa kwamba fasihi simulizi haina mipaka.

Misiani alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Nyamagongo, kaskazini kidogo mwa Shirati, Tanganyika, eneo ambalo leo limo katika Wilaya ya Rorya, Mkoa wa Mara. Mpaka wa Kenya hauko mbali na hapo, na Wajaluo wa pande zote mbili wana lugha moja, huoana na kuzikana. Wazazi wake wote wawili walikuwa waimbaji. Wahenga walinena kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, na kwa hakika kijana huyu hakuiokota sauti yake njiani, aliikuta nyumbani. Lakini nyumba hiyohiyo ilishika dini sana, nayo haikuridhia hata kidogo azma yake ya kuufanya muziki wa dansi kuwa kazi ya maisha.

Ugomvi huu unafaa kutazamwa kwa makini. Wazee wake hawakuchukia wimbo. Waliloliogopa ni gitaa na mahali ambapo gitaa lilikuwa likipigwa. Shirati ilikuwa kituo cha wamisionari wa Mennonite tangu mwaka 1934, na katika maeneo ya misheni kote Afrika Mashariki, gitaa la miaka ya 1950 lilinuka pombe, lilinuka mji, lilinuka vijana waliorudi kutoka mbali wakiwa na santuri na tabia ngeni. Ni katika miaka hiyo ambapo nyimbo za Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, nyingine zikiwa kwa Kiswahili cha huko Kongo, zilienea hadi Nairobi na kuwafanya vijana wengi watamani kulidonoa gitaa kwa vidole kama yeye. Kwa hiyo Misiani alilazimika kuchagua, naye akachagua kuondoka. Alivuka mpaka akaingia Kenya.

Nairobi ya katikati ya miaka ya 1960 ilikuwa na soko lake. Fadhili William, Daudi Kabaka na wenzao wa Equator Sound walikuwa wakitamba kwa nyimbo za Kiswahili zenye mahadhi ya twisti. Kijana mgeni aliyetaka pesa za haraka angewaiga. Misiani naye alirekodi baadhi ya nyimbo kwa Kiswahili, lakini moyo wake ulielemea upande mwingine. Bendi yake ya mwanzo iliitwa Victoria Boys; baadaye ikabadilika majina mara kadhaa, na jina lililokaa vichwani mwa watu ni Shirati Jazz. Mtu aliyefukuzwa na mila za nyumbani akalibeba jina la nyumbani hadi kwenye lebo za santuri! Wakati mwingine bendi iliitwa pia D.O. 7.

Alichokifanya yeye na wenzake wa kizazi chake kilikuwa kazi ya kitaalamu. Nyatiti ya Wajaluo ina nyuzi nane, na mpigaji wake huimba huku akigonga mwili wa ala hiyo kwa pete ya chuma iliyo kwenye kidole gumba cha mguu, njuga zikilia kifundoni. Ni mtu mmoja anayefanya kazi ya kundi zima. Wanabenga waliigawa kazi hiyo upya: gitaa la solo likachukua mdonoo wa nyuzi, likimjibu mwimbaji sauti kwa sauti, gitaa la besi likachukua mkimbio wa chini, ngoma zikachukua pete na njuga. Santuri za kasi ya 45 nazo zilichangia umbo la wimbo. Kwa kuwa upande mmoja ulitosha dakika chache tu, mara nyingi hadithi iliimbwa upande wa kwanza, kisha upande wa pili ukaachiwa magitaa yakimbizane hadi kileleni.

Mwaka 1969 ulibadilisha hali ya hewa. Tom Mboya aliuawa tarehe 5 Julai. Tarehe 25 Oktoba, Rais Kenyatta alipokwenda kufungua hospitali mpya ya Kisumu, si mbali na mtaa wa Migosi, umati ulipigwa risasi na watu wakafa. Siku chache baadaye chama cha KPU kikapigwa marufuku. Mwimbaji wa Dholuo aliyetaka kusema kitu kuhusu serikali alihitaji kifuniko. Misiani alikitafuta katika ngano za wanyama, katika Biblia na katika mambo ya kale, hata akabandikwa lakabu ya Mfalme wa Historia. Huenda hapa ndipo malezi ya dini aliyoyakimbia yalipomfaa kuliko alivyotarajia. Mbinu yenyewe si ngeni kwa msomaji wa Kiswahili: ni fumbo, lile ambalo mjinga hufumbiwa na mwerevu huling'amua. Wakubwa nao walikuwamo miongoni mwa werevu, kwani zaidi ya mara moja nyimbo zake zilimtia matatani. Aidha, uzawa wake wa Tanzania ulikuwa fimbo iliyo tayari mkononi mwa yeyote aliyetaka kumtisha.

Katika miaka ya 1970 biashara ya santuri za benga ilishamiri, na mfanyabiashara Oluoch Kanindo akazisambaza mbali, hata nchini Zimbabwe muziki huo ukaitwa kanindo. Wasikilizaji wa huko hawakujua neno moja la Dholuo. Mwaka 1987 Shirati Jazz walipiga muziki wao Uingereza, ambako albamu zao zilitolewa.

Misiani alifariki tarehe 17 Mei 2006 katika ajali ya barabarani mjini Kisumu. Miaka minne baadaye, kampuni ya Sterns ya London ilikusanya nyimbo zake za miaka ya 1970 na kuzitoa upya katika albamu moja, ikaipa ile lakabu yake kuwa jina.