Njia ya Kuzunguka: Maisha ya Edward Steere

Soma Kutoka 13:17, 18; Hesabu 27:12–20; Kumbukumbu la Torati 34:1–6.

Wana wa Israeli walipotoka Misri, Mungu hakuwapitisha njia ya nchi ya Wafilisti, ingawa ilikuwa karibu. Aliwazungusha kwa njia ya jangwani. Mtu aliyewatazama kwa mbali angedhani kwamba Musa amepotea. Maisha ya mtumishi mmoja aliyezikwa Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, yanatukumbusha jambo hilohilo.

Edward Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria, kisha akawa mchungaji wa Kanisa la Anglikana. Mwaka 1863 alisafiri pamoja na Askofu William Tozer kwenda Afrika ya Kati. Misheni iliyowatangulia huko ilikuwa imevunjwa na homa, njaa na vita, na askofu wake wa kwanza alikuwa amefariki mwaka 1862. Mwaka 1864 Tozer akaihamishia kazi Zanzibar. Watu wengi walichukizwa, David Livingstone akiwa mmojawapo. Waliona kwamba huko ni kurudi nyuma.

Lakini Zanzibar ndipo watumwa kutoka bara walipouzwa, na lugha yake ilisikika katika njia za misafara. Steere akaketi na wenyeji wa Unguja kujifunza Kiswahili. Mwaka 1870 alitoa kitabu cha kufundishia lugha hiyo. Vijana waliookolewa utumwani walifundishwa kupanga herufi na kuchapa vitabu. Mmoja wa wavulana wa kwanza waliopokelewa na misheni, John Swedi, aliwekewa mikono kuwa shemasi mwaka 1879.

Mwaka 1873 Sultani Barghash alilifunga soko la watumwa. Siku ya Krismasi mwaka huohuo, jiwe la msingi la kanisa likawekwa mahali palepale. Steere, aliyewekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1874, aliusimamia ujenzi huo mwenyewe.

Mwaka 1876 aliongoza kundi la watu walioachwa huru, wanaume kwa wanawake, kutoka Unguja kurudi bara. Walishuka Lindi, wakaenda kwa miguu. Walikusudia kufika mbali zaidi, kuelekea Ziwa Nyasa, lakini walipofika Masasi wengi walitamani kukaa hapo. Kiongozi mwenye kiburi angeshikilia mpango wake. Steere aliwasikiliza, na makao yakaanzishwa Masasi. Mwenyewe akarudi Unguja kwenye tafsiri yake.

Agosti 1882 alifariki Zanzibar, akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa alilolijenga. Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja ilitoka mwaka 1891, miaka 9 baada ya kifo chake. Kama Musa juu ya Nebo, aliiona nchi kwa mbali tu. Wengine ndio waliovuka.

Steere hakuwa Mwadventista, wala hatukubaliani na kila fundisho la kanisa lake. Hata hivyo, Biblia ya Union Version tunayoifungua Sabato asubuhi ilitokana na tafsiri zilizoitangulia, na ile ya Unguja ni mojawapo. Kusudi la Mungu ni kubwa kuliko jina la kiongozi na refu kuliko umri wake. Musa alipoambiwa kwamba atakufa, hakujiombea heshima. Aliomba kwamba mkutano wa Bwana usibaki kama kondoo wasio na mchungaji.

Maswali ya Kujadili

1. Ni lini Mungu alikuzungusha, nawe ukadhani umerudi nyuma? Ulijifunza nini?

2. Kiongozi atajuaje wakati wa kushikilia mpango wake na wakati wa kuwasikiliza watu anaowaongoza?

3. Katika kanisa lako, ni nani anayeandaliwa leo kuendeleza kazi ambayo wewe hutaimaliza? Kama hayupo, darasa lenu litafanya nini juma hili?