SHEIKH AL-AMIN BIN ALI MAZRUI: KAZI ILIYOSIMAMA SI KAZI ILIYOKUFA

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake wote.



Leo tunataka kusema nawe juu ya kazi uliyoianza ikakwama. Ukitembea hapa Uvira, toka Kalundu mpaka Mulongwe, utaona misingi ya nyumba iliyoota majani. Mwezi wa Aprili mwaka 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukachukua watu na nyumba. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda yakaingia katika mitaa ya kandokando. Juu ya hayo kuna vita, ambavyo mara nyingi vimetufanya tuache kila kitu na kuvuka kwenda Burundi. Mmoja aliacha duka, mwingine nyavu zake, mwingine masomo. Mwingine alianza kuhifadhi Qurani akaishia Juzuu Amma. Ukimwuliza, atakuambia ile kazi imekwisha. Je, imekwisha kweli, au imesimama tu?

Hebu tutazame maisha ya mwanachuoni mmoja wa Mombasa. Mombasa ni mbali na sisi, lakini Uislamu na Kiswahili vilitufikia kutoka pwani ile, kwa njia ya Tabora na Ujiji, kisha kwa mitumbwi juu ya ziwa hili. Kwa hiyo habari za masheikh wa pwani ni habari zetu pia.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni mkubwa, lakini alifariki mwaka 1894, mtoto akiwa bado hajajua hata alifu na be. Basi elimu ya baba hakuipata kwa baba. Alilelewa na kusomeshwa na mtu wa ukoo wake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, kisha akavuka bahari kwenda Unguja kusoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir. Angalia, ndugu yangu: mlango wa kwanza ulifungwa angali mdogo, akapitia mwingine.

Alipokuwa mkubwa aliona jambo lililomuuma. Waislamu wa pwani walikuwa chini ya utawala wa Waingereza, wamerudi nyuma katika elimu na biashara, na wengi walisoma dini bila kufahamu maana yake. Akakusudia kuwaandikia kwa Kiswahili, lugha yao. Hakungoja apate mtambo wa kupigia chapa magazeti. Mwaka 1930 alianza na karatasi ndogo iliyoitwa Sahifa, namna ya karatasi hii uliyoishika mkononi.

Mwaka 1932 akatoa gazeti kamili, Al-Islah, kwa Kiarabu na Kiswahili. Gazeti hilo lilidumu kama mwaka mmoja tu, kisha likasimama. Mwaka ule ule wa 1932 alikuwa amefanywa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Wewe unajua kazi ya kadhi: asubuhi talaka, mchana mirathi, jioni ugomvi wa wakfu. Si kila mtu alipenda mafundisho yake pia, kwa sababu aliwakemea watu kwa mila walizozizoea. Mtu mwingine angesema, mimi nimekwisha kuandika, sasa nina cheo.

Yeye hakufanya hivyo. Gazeti halikurudi, lakini nia ilibaki. Aliandika vitabu vidogo vya kusomeshea watoto. Alianzisha Madrasa ya Al-Ghazali hapo Mombasa. Na mwaka 1944, zaidi ya miaka 10 baada ya karatasi zile kusimama, makala za Sahifa zilikusanywa zikawa kitabu kiitwacho Uwongozi. Maneno yaliyotoka kwenye karatasi za kupita yakawa kitabu, na mpaka leo kinasomwa.

Kazi yake kubwa zaidi ilikuwa kuifasiri Qurani kwa Kiswahili. Mwaka 1923 padri Mwingereza wa Unguja, Godfrey Dale, alikuwa ametoa tafsiri yake, na Waislamu hawakuwa na ya kwao. Sheikh Al-Amin akaishika kazi hiyo katikati ya shughuli za ukadhi. Mauti yakamkuta mwezi wa Aprili mwaka 1947, hajaimaliza. Lakini alikuwa amesomesha wanafunzi. Mmoja wao, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, alizichukua karatasi za mwalimu wake na kuzishughulikia ili zichapishwe. Na mwaka 1969 Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy wa Unguja alitoa Qurani Takatifu, tafsiri nzima kwa Kiswahili. Hata historia ya ukoo wa Mazrui, ambayo Sheikh Al-Amin aliiandika kwa Kiarabu, ilichapishwa mwaka 1995, miaka 48 baada ya kufa kwake.

Ndugu yangu, katika maisha haya tuchukue mambo matatu.

Kwanza, shika nia, usishike chombo. Sheikh hakung'ang'ania jina la gazeti. Kama maji yalichukua nyumba yako ukingoni mwa mto, kurudi kujenga pale pale si subira, ni kujitia katika hatari. Nia yako ilikuwa kuwapa watoto paa. Itafute mahali pa juu, hata kama ni chumba kimoja.

Pili, kusanya kilichobaki. Usiseme umepoteza vyote kabla hujahesabu. Tafuta daftari la duka, vipande vya nyavu, sura ulizokwisha kuhifadhi. Anayejua Juzuu Amma haanzi na sifuri, anaanza na juzuu ya pili.

Tatu, iache kazi yako katika hali ambayo mwingine anaweza kuiendeleza. Andika madeni. Mwonyeshe mkeo na wanao karatasi za kiwanja ziko wapi. Mfundishe kijana kushona nyavu. Hatujui nani kati yetu atafika Ijumaa ijayo.

Na ujue kwamba kuna kazi nyingine huna ruhusa kuziacha hata ukichoka: deni la watu, nadhiri, mahari ya mke, saumu ya Ramadhani unayodaiwa. Hizo zirudie kabla ya zote.

Usione aibu kwamba ulisimama. Mtume wetu, rehema na amani zimfikie, wahyi ulimkatikia kwa muda baada ya kuanza, akahuzunika sana, kisha ukarudi na ukaendelea mpaka dini ikakamilika. Basi chagua kazi moja, si tano. Kabla ya magharibi ya leo ifanyie jambo dogo, hata kupima kiwanja au kufungua msahafu pale ulipoishia.

Allah amrehemu Sheikh Al-Amin na masheikh wetu wote waliotangulia. Airudishe amani katika mji wetu na ziwa letu, na atupe nguvu ya kumaliza tulichokianza kwa ajili yake. Amin.

Wabillahi taufiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Tafadhali usisome karatasi hii wakati khatibu yuko juu ya mimbari. Usiitupe chini, ina jina la Allah. Ukimaliza mpe jirani yako.